Habasoda, Moyo wa Panya na Mizani ya Sharia

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, katika misikiti yetu mingi imekuwa desturi kwamba Ijumaa, nje ya mlango, hupangwa meza za asali, misuwaki, udi na chupa za mafuta ya habasoda. Hilo halina ubaya, kwani biashara ni halali na habasoda ina sifa yake katika Sunna. Lakini miaka michache iliyopita mfanyabiashara mmoja alinijia kabla ya khutba akaniomba niseme maneno mawili juu ya chupa yake. Haikuwa mafuta yale tuliyoyazoea. Karatasi yake ilieleza kuwa ni kiini kilichotolewa kwa mvuke, chenye nguvu mara nyingi kuliko mbegu, na kwamba mwenye presha akikitumia anaweza kuviacha vidonge vyake. Nikamuuliza kama kimejaribiwa. Akanijibu, "Sheikh, hii ni dawa ya Mtume, itajaribiwa vipi?" Kijana mmoja wa chuo aliyekuwa karibu akadakia kuwa habasoda imejaribiwa zamani, kwa panya. Mzee mmoja naye, aliyekuwa akivaa viatu, akauliza: "Na hao panya wana kosa gani?"

Sikusema neno juu ya chupa ile siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikitafakari kauli za watu hao watatu, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha haki.

Tuanze na mfanyabiashara. Hadithi ya habasoda ni sahihi. Bukhari na Muslim wameipokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), na Bukhari ameipokea tena kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), kwamba mbegu hii nyeusi ina ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti. Muumini haitilii shaka. Ila kuisadiki hadithi ni jambo moja, na kujua imekusudia nini ni jambo jingine, na hili la pili ndilo waliloshughulika nalo wanazuoni. Al-Khattabi (aliyefariki 388 Hijria) aliona kuwa tamko hili ni la jumla lililokusudiwa mahsusi, yaani maradhi yale ambayo tabia ya mbegu hii inaelekeana nayo. Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 Hijria, sawa na 1350) katika Zadul Ma'ad amelifananisha na maelezo ya Qur'ani kuhusu upepo uliowaangamiza kina Adi katika Suratul Ahqaf aya ya 25: umetajwa kuwa ni wenye kuharibu kila kitu, na papo hapo aya inaeleza kuwa maskani yao yalibaki yakionekana. Kwa hiyo "kila kitu" ni kila kilichokuwa cha kuharibika kwa upepo ule.

Isitoshe, Ibn al-Qayyim huyo huyo, mtu ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kuipuuza Tiba ya Mtume, ametaja kipimo cha kunywa kuwa ni dirhamu mbili, ambazo ni kama gramu 6, kisha akanukuu kuwa wapo waliodai kwamba kuizidisha kunaua. Yeye hakuthibitisha dai hilo wala hakulikanusha. Lakini angalia: ameliandika katika mlango uleule wa kuisifu mbegu. Hakuona kuwa kutaja kipimo na hatari ya kukivuka ni upungufu wa imani.

Na tukirudi kwa Bukhari tunakuta kisa chenye faida kubwa. Khalid bin Sa'd anasimulia kuwa walikuwa safarini, Ghalib bin Abjar akaugua njiani, wakaingia naye Madina akiwa bado mgonjwa. Ibn Abi Atiq alipokuja kumjulia hali akawaelekeza wachukue punje tano au saba za habasoda, wazisage, kisha wazidondoshe pamoja na mafuta katika tundu zake za pua, huku na huku. Punje tano au saba! Sahaba na Tabiina walijua idadi, njia ya kuitumia, na mahali pa kuitia. Vilevile katika hadithi ya mtu ambaye ndugu yake alikuwa na maradhi ya tumbo, Mtume (s.a.w.) alimrudisha mara kadhaa akamnyweshe asali tena, na wanazuoni wameeleza kuwa hekima yake ni kwamba dawa ina kiasi chake: ikipungua haiondoi maradhi, na ikipita hudhuru nguvu za mgonjwa. Basi anayepima kiasi cha dawa iliyotajwa katika Sunna hajaipima Sunna. Anapima ufahamu wake mwenyewe na kile alichokitia katika chupa.

Sasa kijana wa chuo. Maneno yake ni kweli. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mfalme Saud, Riyadh, walichapisha matokeo ya kuyajaribu mafuta mepesi ya habasoda, yale yanayotolewa kwa mvuke, pamoja na kiini chake kikuu kiitwacho thaimokwinoni. Majaribio ya moyo na presha yalifanywa kwa panya. Majaribio ya pumzi yalifanywa kwa simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofanana na sungura wasio na masikio marefu, ambao wenzetu wa Iringa na Mbeya huwafuga. Inafaa tueleze namna kazi hii inavyofanyika, maana wengi wetu tunaihukumu bila kuijua.

Mnyama hupewa kwanza dawa ya kumlaza, nusukaputi, asihisi kisu. Akishazama usingizini, mrija mwembamba hutiwa katika mshipa mkubwa wa damu na kuunganishwa na chombo kinachosoma presha na mapigo ya moyo kwa kila nukta. Mrija mwingine huingizwa katika bomba la pumzi ili ijulikane anavuta pumzi ngapi kwa dakika na hewa inapita kwa wepesi au kwa shida. Kisha dawa hutiwa katika damu kidogo kidogo, kutoka kipimo cha chini kwenda cha juu. Huko Riyadh vipimo vya mafuta vilianzia mikrolita 4 hadi 32 kwa kila kilo ya mwili. Mikrolita moja ni sehemu moja ya milioni ya lita, kwa hiyo tunazungumzia chini ya tone moja la maji.

Matokeo yalikuwa yepi? Kwa panya, presha ilishuka na mapigo ya moyo yakapungua, na kila kipimo kilipopanda ndipo mshuko ulipozidi. Watafiti walipotanguliza dawa zinazoziba njia fulani za neva, mshuko huo ulizuilika, nao wakafahamu kuwa mafuta yanafanya kazi kwa kupitia ubongo na neva zinazoutuliza moyo. Kwa simbilisi, mafuta yaliongeza kasi ya kuvuta pumzi na yakapandisha presha ndani ya bomba la pumzi, maana yake njia za hewa zilibana. Thaimokwinoni peke yake ilibana njia hizo bila kubadilisha idadi ya pumzi.

Msomaji mwenye pumu atashtuka hapa, kwani habasoda husifiwa sana kwa pumu. Asiharakishe. Mwaka 2010 watafiti wa Mashhad, Iran, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wagonjwa wa pumu wachache waliopewa kunywa maji yaliyochemshwa na habasoda, na njia zao za hewa zikafunguka, ingawa si kwa nguvu ya theofilini, dawa ya pumu waliyolinganishwa nayo. Hakuna aliyedanganya kati ya Riyadh na Mashhad. Maji yaliyochemshwa si mafuta ya mvuke, kunywa si kuchoma sindano, na simbilisi si mwanadamu. Mbegu ni moja, lakini sehemu uliyoitoa humo, njia uliyoipitisha na kiasi ulichotia vinaweza kuipa dawa sura mbili zinazopingana. Hapo ndipo lilipo tatizo la yule mfanyabiashara: alikuwa na hadithi ya mbegu mkononi, naye anauza kitu kingine.

Mtu anaweza kuuliza, mbona umeshikilia moyo na pumzi, na mwili una viungo vingi? Jibu ni kwamba ini au figo likidhurika, mara nyingi kuna siku au wiki za kugundua na kuacha dawa. Moyo ukisimama au pumzi ikikatika, kuna dakika chache tu. Kwa sababu hii mwaka 2000 mamlaka za dawa za Ulaya, Marekani na Japani ziliafikiana juu ya mwongozo uitwao S7A, unaotaka dawa mpya, kabla haijaonjwa na mwanadamu wa kwanza, ichunguzwe athari yake kwa vitu vitatu: moyo na mishipa, pumzi, na ubongo na neva. Mwaka 2005 ukafuata mwongozo mwingine uliohusu umeme wa moyo peke yake.

Umeme huo ndio uliozua hofu. Kila pigo la moyo huanza kwa mkondo wa umeme na humalizika kwa chembe za potasiamu kutoka katika seli kupitia milango midogo. Dawa ikiziba mlango huo, moyo huchelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata, na kwa baadhi ya watu huingia katika mtetemo usiosukuma damu. Terfenadini, dawa ya mafua ya mzio iliyotumiwa na mamilioni ya watu, iliondolewa katika soko la Marekani mwaka 1998 kwa sababu hii. Ilikuwa salama kwa walio wengi, lakini aliyeimeza pamoja na dawa fulani za fangasi ilijaa katika damu yake mpaka ikaufikia moyo. Na asidhani mtu kuwa haya ni ya kemikali za viwandani tu. Kwinidini inatoka katika gome la mti uleule unaotupa kwinini. Kwa miaka mingi ilitumika kuurekebisha moyo unaokwenda mrama, na katika miaka ya 1960 matabibu walieleza jinsi ilivyowaangusha baadhi ya wagonjwa kwa kuuvuruga moyo huohuo. Neno "asili" halimlindi mtu na kitu.

Sisi wa pande hizi tuna mfano wetu wa zamani. Watu wa bonde la Zambezi na mto Shire walikuwa wakipaka mishale yao sumu ya kombe, itokanayo na mbegu za mti unaotambaa. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Waingereza Unguja, alikuwa katika msafara wa Livingstone huko Zambezi kati ya 1858 na 1863. Inasimuliwa kuwa mswaki wake uligusana na sumu hiyo mfukoni, akaonja uchungu, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Mbegu zikapelekwa Edinburgh, ambako tabibu Thomas Fraser, kuanzia miaka ya 1870, alionyesha kuwa sumu ile inaukamata moyo wenyewe. Baadaye kiini chake kikawa dawa ya sindano kwa wagonjwa wa moyo uliochoka. Kitu kilekile kinamwangusha nyati na kinamwinua mgonjwa, na kilichotenganisha viwili hivyo ni kujua kiasi. Fraser alikijua kwa kutazama mioyo ya wanyama, wengi wao wakiwa vyura.

Hapa tunafika kwa yule mzee na swali lake, ambalo mimi naliona ndilo zito kuliko yote.

Abu Dawud na An-Nasai wamepokea kuwa tabibu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kumtia chura katika dawa, na Mtume akamkataza kumuua. Zingatia kwamba muulizaji ni tabibu, na anachokitaka ni dawa. Kumbe hata haja ya tiba haifungui kila mlango. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga mpaka akafa, na kisa cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Ibn Umar (r.a.) alipita kwa vijana waliomfunga ndege wakimlenga mishale, akawakabili na kuwakumbusha laana ya Mtume juu ya mwenye kufanya chenye roho kuwa shabaha. Abu Dawud amepokea habari ya ngamia aliyelia mbele ya Mtume (s.a.w.), na Mtume akamuonya mwenye ngamia kwa kumshindisha njaa na kumchosha. Na Suratul An'am aya ya 38 inatujulisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki 660 Hijria, sawa na 1262), faqihi mkubwa wa madhehebu ya Shafi, katika Qawaidul Ahkam amezitaja haki za mnyama juu ya mwanadamu: amlishe hata akizeeka au akiugua na faida yake ikaisha, asimtwishe asichokiweza, asimchinjie mtoto wake mbele ya macho yake. Basi asidhani mtu kwamba huruma kwa wanyama imeletwa juzi na Wazungu.

Kwa upande wa pili, Sharia imemruhusu mwanadamu kuwatumia wanyama. Suratun Nahl kuanzia aya ya 5 inataja joto, manufaa, chakula na vipando. Tunachinja kwa ajili ya kula, na kula nyama si dharura kwa walio wengi wetu. Ikiwa roho ya mnyama inatolewa kwa ajili ya kitoweo, haiwezi kusemwa kuwa kuitoa kwa ajili ya kuokoa nafsi za watu ni haramu moja kwa moja. Kwa msingi huu wanazuoni wengi wa zama hizi wamejuzisha majaribio ya dawa kwa wanyama kwa masharti. Tofauti kati ya maabara na wale vijana wa Ibn Umar ni mbili: nia yenye maslaha ya kweli, na maumivu kuondolewa. Ikikosekana moja kati ya hizo, maabara inarudi kuwa uwanja wa kulenga shabaha, hata kama wahusika wamevaa makoti meupe.

Na hili si jambo lililokuwa geni kwa waliotutangulia. Ar-Razi (aliyefariki 313 Hijria) alimnywesha nyani zebaki na kuandika alichokiona: nyani alijikunja na kulishika tumbo lake. Ibn Zuhr wa Ishbilia (aliyefariki 557 Hijria, sawa na 1162), aliyeandika kitabu cha At-Taysir, alitaka kujua kama mgonjwa aliyezibwa koo anaweza kupasuliwa bomba la pumzi akaishi. Hakuanza kwa mgonjwa. Alimpasua mbuzi, akakata kipande kidogo cha bomba lake, kisha akawa anakiosha kidonda kwa maji na asali mpaka kikapona, na mbuzi yule akaishi muda mrefu baadaye. Kwa maoni yangu kisa hiki kina faida ya kifiqhi: alimtibu mnyama wake kama ambavyo angemtibu mtu, wala hakumtupa alipokwisha kupata jibu lake.

Lakini wapo waliojizuia. Ibn an-Nafis (aliyefariki 687 Hijria, sawa na 1288), tabibu wa Cairo na faqihi wa Kishafi, ndiye aliyeeleza kabla ya yeyote tunayemjua kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita katika mapafu na kurudi upande wa kushoto. Mtu huyu, ambaye elimu ya moyo na pumzi inamdai shukrani kuliko wengi, ameandika kuwa katazo la Sharia na huruma iliyomo katika tabia yetu vilimzuia kufanya upasuaji wa uchunguzi. Ninaposoma maneno ya Ibn Zuhr na haya ya Ibn an-Nafis pamoja, sioni kuwa mmoja amekosea. Naona mipaka miwili ya njia moja.

Ibn Sina (aliyefariki 428 Hijria, sawa na 1037) naye alikuwa na neno. Katika kitabu cha pili cha Qanun ameweka kanuni za kuijaribu dawa, na moja yake ni kwamba jaribio la kutegemewa ni la mwili wa mwanadamu, kwa kuwa dawa inaweza kuwa na athari kwa simba au farasi isiyolingana na athari yake kwa mtu. Elimu ya leo imemsadikisha kwa namna ya ajabu. Moyo wa panya hupiga zaidi ya mara 300 kwa dakika, nao haukutegemea ule mlango wa potasiamu tulioutaja kama moyo wetu unavyoutegemea. Kwa hiyo dawa inayoweza kuuvuruga moyo wa mtu inaweza kupita kwa panya bila alama yoyote. Ndiyo maana uchunguzi wa umeme wa moyo hufanywa kwa mbwa au nyani, ambao hupachikiwa kifaa kidogo mwilini kinachotuma habari kwa mawimbi ya redio huku mnyama akitembea na kula. Pumzi ya panya, kinyume chake, hupimwa vizuri kwa kumweka katika kijumba cha kioo na kusoma mabadiliko ya hewa, bila kisu.

Faida ya haya kwa faqihi ni kubwa. Jaribio la mnyama asiyefaa kwa swali linaloulizwa ni kumuua bila manufaa, na kuua bila manufaa ni mchezo uliokatazwa. Hivyo mtafiti Mwislamu ana wajibu wa kujua kabla: Je, mnyama huyu anaweza kunijibu? Je, jibu halijapatikana tayari kwa mwingine? Panya wa Riyadh walishasema kuhusu mafuta ya mvuke na presha. Mwanafunzi anayerudia jambo lilelile ili apate karatasi ya shahada, bila kuongeza kitu, ajiulize atamjibu nini Mola wake. Kadhalika idadi iwe ile inayotosheleza, nusukaputi isiachwe kwa kubana matumizi, chakula na maji visikosekane siku za mapumziko ambazo mhudumu hayupo, na atakayeuawa mwisho wa jaribio auawe kwa wema. Hadithi ya Shaddad bin Aws kwa Muslim imeamrisha wema hata katika kuua na kuchinja, pamoja na kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, walitunga kanuni ya kubadilisha, kupunguza na kuboresha, ambayo maabara nyingi duniani huifuata. Mwenye kuijua hadithi ya Shaddad ataipokea kanuni hiyo kama mtu aliyerudishiwa mali yake.

Pia hukumu hufuata sababu yake. Kinachojuzishwa kwa haja hukadiriwa kwa kadiri ya haja hiyo. Leo kuna seli za moyo wa binadamu zinazooteshwa katika vyombo, ambazo hutiwa dawa na umeme wake ukasomwa, na mwishoni mwa 2022 Marekani ilibadilisha sheria yake ili mnyama asiwe sharti la lazima kabla ya dawa mpya kujaribiwa kwa watu. Kila swali linalopata jibu katika chombo linaondoka katika mlango wa haja. Fatwa ya ruhusa iliyotolewa miaka thelathini nyuma haifai kunukuliwa bila kuangalia kama sababu yake ingalipo.

Hata hivyo tusiifike mahali pa kusema majaribio yaachwe yote sasa hivi. Dawa isiyojaribiwa kwa mnyama wala katika chombo haikukosa kujaribiwa. Inajaribiwa kwa mama mwenye presha aliyeinunua mlangoni mwa msikiti, bila nusukaputi, bila mtu wa kuandika kilichotokea. Uhai wa mwanadamu ni mtukufu zaidi, na madhara mawili yakikutana hubebwa lililo jepesi.

Hilo linanirudisha kwenye ile chupa. Wiki iliyofuata nilimwita mfanyabiashara, tukakaa. Nilimweleza kuwa mafuta ya aina yake yameshusha presha na mapigo ya moyo ya panya, na kwamba hata kwa watu, tafiti za wenye presha isiyo kubwa zimeonyesha habasoda huishusha kidogo. Kwa hiyo anayemeza vidonge kisha akaongeza kiini hiki anaweza kushuka kupita kiasi, na anayeviacha vidonge kwa kutegemea mshuko mdogo anaweza kupata kiharusi. Nikamtajia hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah, kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu yake ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Fuqahaa wamejenga juu yake mlango mzima wa dhamana. Hakuna faqihi ninayemjua aliyemvua mtu dhamana hiyo kwa sababu dawa aliyoitoa imetajwa katika hadithi. Na imamu anayeisifu chupa juu ya mimbari, watu wakainunua kwa neno lake, naye ajiangalie.

Alikubali kuondoa maneno ya kuacha vidonge. Juu ya kipimo alisema atamuuliza anayemletea. Mpaka naandika haya, mimi sijaitaja chupa yake msikitini, wala sikumkataza kuuza mbegu na mafuta ya kawaida ya kula.

Yamebaki maswali mawili ambayo wanafunzi huniuliza. La kwanza ni la mbwa, kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi. Kumfuga kumeruhusiwa katika hadithi kwa ajili ya mawindo, mifugo na mazao, na wanazuoni wa madhehebu wamekisia juu yake haja nyingine za kweli kama ulinzi. Uchunguzi wa moyo usiowezekana kwa panya uko karibu na hapo. Mate na majimaji yake ni najisi nzito: avae glovu, na kilichoguswa kikiwa na maji kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Kumgusa akiwa mkavu, na mkono mkavu, hakunajisi.

La pili ni la chura wa darasani, ambaye mwanafunzi wa biolojia anaamrishwa amuue ampasue ili auone moyo unavyopiga. Imam Malik hakuona uharamu wa kumla chura, kwa hiyo suala lina ikhtilafu. Lakini kwetu katazo la kumuua limethibiti, na moyo wa chura hauna siri isiyoonekana leo katika filamu na vielelezo vya plastiki. Amuombe mwalimu wake kwa adabu atumie hivyo, na akilazimishwa na mtihani wake ukawa hatarini, basi dhambi iko zaidi kwa mwenye kulazimisha. Asimuue yeye kwa mkono wake ikiwa yupo mwingine aliyekwisha kuuawa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.